Spika Aliyoikalia Dada

Dada yangu alipoteza usikivu kabla hajaanza shule. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Mama alitusimulia kwamba alilala akiwa anaitika akiitwa, na alipopata nafuu akawa haitiki tena. Mimi nilikuwa sijazaliwa bado, kwa hiyo sijawahi kuwa na dada anayesikia, na yeye hajawahi kunisikia. Ila ndiye aliyenilea. Mama akienda shamba, dada alinifunga mgongoni kwa kanga, na alijua ninalia kwa jinsi kifua changu kilivyotetemeka kwenye mgongo wake.

Nyumbani kwetu Ihanja tuliongea naye kwa mikono. Hizo hazikuwa ishara zinazofundishwa kwenye shule za viziwi, kwa maana yeye hakupelekwa huko. Zilikuwa za kwetu: ya maji, ya ng'ombe, ya mgeni, ya moto, ya mtu mwongo. Midomo anaisoma, lakini midomo ya Kinyaturu tu, kwa sababu hiyo ndiyo lugha aliyoishika kabla ya kuugua. Ukimsemesha Kiswahili anakunja uso na kutafuta mtu wa familia.

Akajifunza ushonaji, akawa fundi cherehani mzuri kuliko wote pale kijijini. Mimi nikasoma, nikawa mwalimu wa fizikia kwenye sekondari ya kata, na Jumapili napiga gitaa la besi kwenye kwaya ya kanisa letu. Ndivyo tulivyokuwa mpaka siku dada alipokuja kwenye mazoezi kupima sare.

Alikuwa na kanda yake ya kupimia shingoni. Wanawake walikuwa wamepanga mstari, mabenchi yote yamejaa mikoba na watoto, basi akatafuta pa kukaa akasubiri, akakaa juu ya spika yangu ya besi. Spika ile tuliinunua kwa bendi moja ya mjini Singida iliyokuwa imevunjika. Ni boksi kubwa kama sanduku la bibi harusi, ndani lina bufa moja pana, ile koni inayotoa besi, na nyuma limebandikwa kibati chenye namba nane na alama ya omu. Mimi sikumwona alipokaa. Nikapiga noti ya kwanza, ile ya chini kabisa, nikaona dada yangu ameshika kingo za boksi kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

Nikaacha kupiga. Akanionyesha kwa kidole: endelea.

Nikaendelea. Alikaa pale mpaka mazoezi yakaisha, na sare hazikupimwa siku ile. Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliweka ngumi yake kifuani, akaigonga taratibu, akaonyesha kanisani, akaigonga tena. Hatukuwa na ishara ya muziki. Tangu siku hiyo tukawa nayo.

Alianza kuja kila mazoezi. Anakaa juu ya spika, anayumba, mabega yanakwenda, mikono inapanda na kushuka. Kwaya yetu ilikuwa na sauti nzuri lakini kwenye kucheza tulikuwa ovyo, kila mtu na mguu wake. Sasa wanawake wa mstari wa mbele wakaanza kumtazama yeye. Alikuwa hakosei, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumchanganya. Wengine walisikia sauti, kinanda, ngoma, watoto wakilia nje. Yeye alipata besi peke yake, inaingia kwenye mifupa.

Siku moja mwalimu wa kwaya, mzee mtulivu ambaye ameimbisha hata wazazi wetu, aliniita pembeni.

"Mwambie dada yako asikose," alisema. "Hawa wanacheza vizuri akiwepo."

"Nimwambie kama nani, mwalimu? Kama mgeni?"

"Kama mwanakwaya. Kwani sare si anashona mwenyewe? Ajishonee na yake."

Nilipomfikishia ujumbe, alifungua kabati lake la vitambaa akanitolea sare iliyokwisha kamilika, imepigwa pasi. Alikuwa ameishona zamani, akaificha. Miaka yote alikuwa amekaa benchi la mwisho kanisani akitazama midomo ikifunguka na kufumba, na watu walimjua kama bubu wa kwa baba yetu. Sasa watoto walianza kumwita mwanakwaya. Alikuwa hasikii wakimwita, lakini aliona wanavyomsalimia kwa ngumi kifuani, akafurahi sana.

Naeleza haya ili ieleweke nilikuwa nimepewa nini nikitunze.

Ukaja mkutano wa kwaya kule Kintinku. Tulikodi Fuso, tukapakia watu na vyombo, tukapita Issuna na Manyoni, tukateremka hadi kwenye lile bonde lenye joto. Kwaya zilikuwa nyingi, zimekaa chini ya maturubai kwenye uwanja wa kanisa, umeme wa jenereta. Kila kwaya ilifunga vyombo vyake. Wenyeji walikuwa na maspika yaliyopangwa kama ukuta. Walipopiga besi, maji yalitikisika kwenye vikombe. Nilitazama boksi letu moja, nikaona aibu. Wakati huo niliona ni aibu ya haki.

Amplifaya yetu ilikuwa nzuri. Iliandikwa wati mia tatu, na chini ya maandishi hayo, kwenye tundu la kutolea sauti, iliandikwa isiungwe spika ya chini ya omu nne. Kwa boksi letu la omu nane ilikuwa inatoa nguvu pungufu, kama mtu mwenye nguvu anayebeba mzigo mdogo. Kanisani kwetu ilitosha. Uwanjani, mbele ya watu wote wale, nilihisi haitatosha.

Mpiga besi wa kwaya nyingine, kijana mkarimu, akaniambia, "Kaka, chukua na hii yangu. Sisi tumeshamaliza."

Nikalizungusha boksi lake kutazama nyuma. Omu nne.

Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Namba ikiwa kubwa, umeme unapita kidogo. Namba ikiwa ndogo, unapita mwingi, na amplifaya inalazimika kuutoa. Ukiunga spika mbili sambamba, umeme unapata njia mbili, na kizuizi cha pamoja kinakuwa kidogo kuliko cha ile iliyo ndogo. Nane na nne zikiungwa hivyo hazifanyi kumi na mbili. Zinafanya chini ya tatu. Hesabu hiyo naifundisha kidato cha pili. Nimeitungia mitihani. Nimewahi kumrudishia mwanafunzi karatasi yake na kumwambia huku ndiko kuunguza mashine.

Basi jibu lilinijia kabla sijaweka boksi chini. Nikasema moyoni, ni nyimbo mbili tu. Nikasema, sitafungua sauti mpaka mwisho. Nikaunga.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko siku zote. Besi ilijaa uwanja. Watu wa nyuma walisimama kutazama. Dada alikaa juu ya boksi letu mbele ya mstari wa kwanza, na wanawake wakamfuata kama mwili mmoja. Mimi nilikuwa nimesema sitafungua sauti, lakini nilipoona watu wanasimama, mkono ulikwenda kwenye kitufe wenyewe, nikaongeza.

Kati ya wimbo wa kwanza na wa pili, dada alishuka kwenye spika. Nadhani alihisi kitu, mtetemo ulikuwa umeanza kukwaruza. Akaja mpaka ilipo amplifaya, akaweka kiganja juu yake, akakitoa haraka. Akanigeukia akafanya ishara ya moto, ile ile tunayotumia jikoni sufuria ikiwa haishikiki.

Nikamwonyesha: najua.

Alinitazama. Akarudia: moto.

Nikarudia: najua, nenda kakae.

Akaenda kukaa. Hili ndilo linalonirudia nikiwa darasani, nikiwa shambani, nikiwa nakula. Alirudi kukaa kwa sababu mimi nilisema najua, na yeye amezoea kwamba mambo ya mashine ni yangu kama vitambaa vilivyo vyake.

Wimbo wa pili tulikuwa tumeufanyia kazi sana. Una mahali katikati ambapo kila kitu kinasimama ghafla, kwaya inashusha mikono, inanyamaza pumzi moja, halafu inageuka upande. Pale ndipo watu hupiga vigelegele. Tulikuwa tumebakisha mistari michache kufika hapo, amplifaya ikaanza kukoroma. Kisha spika ikapiga kishindo kimoja kizito, dada akarushwa kidogo juu ya boksi, na besi ikakatika. Harufu ya waya wa bufa ulioungua ikanifikia puani.

Sauti za waimbaji, kinanda na ngoma vilikuwa kwenye vyombo vingine, kwa hiyo wimbo haukukatika. Wenye masikio waliendelea. Dada hakuwa na kitu tena. Alikaa juu ya sanduku la mbao lililokufa, akaendelea kwa kukisia, mikono ikipanda na kushuka kwa kumbukumbu. Kwaya ilipofika mahali pa kusimama, ikasimama. Yeye hakusimama. Kwenye ule ukimya alibaki peke yake, mikono juu, akiyumba, uso umejaa wimbo.

Watu wakacheka. Hawakuwa wabaya. Hawakujua kwamba ni kiziwi, wakadhani ni mtu wa vichekesho, au amezidiwa na furaha. Lakini kicheko hakihitaji Kinyaturu. Aliwaona, akawatazama upande huu na upande huu, mikono bado iko hewani.

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye amplifaya, nageuza vitufe.

Kwenye Fuso wakati wa kurudi alikaa nyuma kabisa, amejifunika kitenge kichwani mpaka machoni. Wanawake walijaribu kumshika mkono, akauacha ushikwe bila yeye kuwashika. Tulipofika nyumbani aliikunja sare vizuri, akaiweka chini kabisa ya kabati la vitambaa, akaenda kumsaidia mama kupika.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wa kwaya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Nimekuja kwa ajili ya vyombo. Amplifaya imeungua na bufa letu limeungua. Boksi la yule kijana lilinusurika."

"Nilisikia harufu. Vitu vinaharibika. Tutatengeneza."

"Havikuharibika. Niliviharibu. Niliunga spika ambayo namba zake hazikubaliani na mashine, na nilijua wakati naunga."

"Sasa unataka nikuchape?"

Kwa kweli ningependa anichape.

"Dada yako anaendeleaje?" akauliza.

"Hajambo."

Nilikuwa sijamuuliza. Nilijibu tu kama watu wanavyojibu, halafu nikaondoka na aibu kubwa kuliko niliyokwenda nayo.

Nikafanya nilichojua kufanya, yaani nikashughulika na vyombo. Fundi wa mjini alibadilisha transista za amplifaya na kuweka bufa jipya kwenye boksi letu, la omu nane kama la kwanza. Kisha nikamwomba seremala wa kijijini achonge boksi la pili, vipimo vile vile, nami nikaweka ndani bufa la omu nane pia. Nane na nane zikiungwa sambamba zinafanya nne kamili, ndicho mashine ilichotaka tangu ilipotengenezwa. Kila boksi linapokea nusu ya nguvu, na kila moja lina uwezo wa kubeba zaidi ya nusu hiyo. Hakuna anayelemewa. Nilipoyajaribu kanisani besi ilitoka nene, safi, na nilipogusa amplifaya baada ya mazoezi ilikuwa na uvuguvugu tu. Nilikaa kwenye benchi nikatamani kulia. Kumbe suluhisho lilikuwa jambo la seremala na uvumilivu kidogo.

Dada hakuja kwenye mazoezi hayo, wala yaliyofuata.

Nikapakia boksi moja kwenye mkokoteni, nikalipeleka nyumbani, nikaliweka mlangoni mwa chumba chake cha kushonea. Nikapiga. Nilipiga zile noti za chini anazozipenda, polepole. Alitoa mguu kwenye cherehani, akasogea, akaweka kiganja juu ya boksi. Alikiacha pale kidogo. Halafu akakitoa, akarudi kwenye kiti chake, akaendelea kushona suruali ya mtu.

Nikaweka gitaa chini. Nilitaka kumwomba msamaha, nikagundua kwamba hatuna ishara yake. Ukimkanyaga mguu unamgusa bega, basi. Katika maisha yetu yote hatukuwahi kuhitaji zaidi ya hiyo, au mimi ndiye sikuwahi kuona kwamba inahitajika. Nikapiga magoti mbele ya cherehani ili aone midomo yangu, nikasema kwa Kinyaturu, taratibu, neno moja moja. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikifanana na ya mwalimu anayeamrisha darasa liandike.

Alisubiri nimalize. Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono, akaanza kuongea kwa mikono, naandika hapa nilivyomwelewa.

"Ulisema unajua."

"Ndiyo."

"Mimi nilikwambia moto."

"Ndiyo, dada."

"Mashine inaungua, inatengenezwa. Sijakasirikia mashine."

Akasogeza suruali pembeni, akaendelea.

"Watu walipocheka nilikutafuta wewe. Nilikutazama uniambie nishushe mikono. Sikujua nishushe au niendelee." Akaonyesha mgongo wake, kisha akanionyesha mimi. "Nikaona mgongo."

Alirudisha mguu kwenye cherehani. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Nilibaki nimepiga magoti pale sakafuni nikitazama sindano ikipanda na kushuka, na mama alipopita na ungo wa alizeti alinitazama akapita bila kuuliza.

Nilikuwa nimebeba hatia ya namba, na hiyo ingewezekana kulipwa kwa mbao na bufa. Hii ya mgongo sikujua ingelipwa na nini.

Si mimi niliyemrudisha. Alirudishwa na mama mmoja wa sauti ya kwanza, mjane anayeuza vitunguu gulioni Issuna. Alileta gauni lirekebishwe, na wakati dada anapima, yule mama akaanza kucheza mbele yake, makusudi, vibaya, mguu wa kushoto mahali pa kulia. Dada alivumilia, akashindwa, akamsahihisha. Safari nyingine akaja na wenzake wawili. Ikawa wanafanya mazoezi uani kwetu, kati ya magunia ya alizeti, na dada anapiga mguu chini kuwaonyesha. Mimi nikirudi kutoka shule niliwapita kwa shikamoo na kuingia ndani, maana niliona wananyamaza kidogo nikiwepo.

Alipokubali kurudi kanisani alitoa sharti, na mjane ndiye aliyelileta kwa mwalimu wa kwaya: hatakaa tena juu ya spika mbele ya watu. Atasimama mstarini kama wenzake.

"Atapataje besi?" mwalimu aliniuliza.

Nikamwambia nitaona. Nikarudi kwa seremala. Tulitengeneza jukwaa la mbao la chini, urefu wa kifundo cha mguu, lenye uwazi ndani. Mstari wa mbele unasimama juu yake, na maboksi yote mawili yanakaa ubavuni yameligusa. Wanasimama peku. Mara ya kwanza alipopanda, alikanyaga mbele, akakanyaga nyuma, akatafuta mahali mtetemo ulipo mzito, akasimama hapo. Hakunitazama. Alimtazama mjane, akagonga ngumi kifuani.

Si kama zamani. Mtetemo wa miguuni ni hafifu kuliko ule wa kukaa juu ya boksi, na mara moja moja anapotea. Mjane anamgusa kiwiko, anarudi. Watu hawamfuati yeye peke yake siku hizi, wanafuatana wote. Mwalimu anasema kwaya imekuwa nzuri zaidi. Huenda. Mimi naona kwamba alikuwa na mahali pake palipokuwa pake peke yake, na sasa ana mahali kama watu wengine, na sijui kama amepata au amepoteza. Nilimuuliza. Alinifanyia ishara ya mtu anayeuliza sana.

Ninapopiga sasa namtazama muda wote, mpaka vidole vinakosea. Juzi aliniita baada ya ibada akaniambia niache, namkosesha, watu wanadhani ana kidonda usoni. Nikacheka, naye akacheka, lakini Jumapili iliyofuata nilijikuta namtazama tena.

Ule wimbo wa Kintinku hatujauimba tangu siku ile. Hakuna aliyetangaza kwamba tumeuacha, mwalimu aliacha tu kuutaja. Mwezi huu, tukiwa tunakusanya vyombo baada ya mazoezi, dada alipanda kwenye jukwaa tupu akafanya hatua za mwanzo wa wimbo ule, mpaka pale pa kusimama. Akasimama. Akashusha mikono, akageuka upande, akamtazama mwalimu wa kwaya.

Mwalimu akanitazama mimi. "Vyombo viko tayari?"

Vyombo vilikuwa tayari tangu zamani. Nikasema tungoje kidogo, nataka kukagua waya. Wiki iliyofuata aliuliza tena, nikasema hivyo hivyo. Dada ameshaipiga pasi sare. Mwalimu yuko tayari, wanawake wako tayari, na mimi ndiye ninayesema bado.